Lenzi ya zumu ndefu haitoi picha kali: tafuta chanzo kabla ya kusema ni mbovu

"Lenzi yangu na ya mwenzangu ni modeli moja. Yake inatoa hadi kope za bibi harusi, yangu inatoa uso tu. Mimi nimeuziwa mbovu." Hayo ndiyo malalamiko yanayorudiwa zaidi kati ya wapiga picha wa Goma, mashariki mwa Kongo, wanaotumia lenzi za milimita 70-300, 100-400 au 150-600. Wakati mwingine ni kweli. Lenzi mbili za modeli moja hazitoki kiwandani zikiwa sawa kabisa, na za zumu ndefu hutofautiana kuliko zile zisizo na zumu. Lakini lenzi nyingi zinazoitwa mbovu hazina ubovu wowote: kuna mkono uliotikisika, filta ya bei rahisi, hewa ya moto juu ya mawe, au fokasi iliyokaa nyuma ya mtu.

Hapa nimepanga kwa dalili. Chini ya kila dalili, sababu inayotokea zaidi iko mwanzo, na majaribio yasiyo na gharama yanatangulia. Ukiona neno SIMAMA, weka bisibisi chini.

## Kwanza: unahukumu picha ipi?

Mteja akikuandikia "picha iko flou", yaani imefifia, muulize aliiona wapi. Ukituma picha kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida, programu inaipunguza ukubwa na kuibana, na vitu vya kwanza kupotea ni nywele, nyuzi za kitambaa na maandishi madogo. Itume tena kama hati, halafu mwache aitazame. Kesi nyingi zinaishia hapo.

Wewe mwenyewe fungua faili halisi kwenye kompyuta na uitazame kwa asilimia 100. Usiende 200 wala 300. Huko hakuna lenzi itakayokuridhisha. Angalia pia kama kamera iliwekwa kupunguza sana chembechembe za ISO (kipimo cha wepesi wa kamera kwa mwanga) kwenye JPEG. Kwa ISO 6400 usiku wa Tamasha la Amani, kamera inaweza kuipaka ngozi hadi ionekane plastiki, na lawama ikaiangukia lenzi.

## Namna ya kupiga picha ya kupimia

Bila picha ya kupimia tutabishana hadi kesho. Goma ina shabaha nzuri kila mtaa: ukuta wa mawe ya lava uliojengwa kwa saruji. Mawe yana vitundu vidogo, saruji ina mistari, na mwanga wa asubuhi ukija kwa upande kila kitu kinaonekana.

1. Weka kamera kwenye tripodi imara. Lenzi nzito ishikwe kwa kola yake (pete ya kufungia tripodi), si kwa kamera. Sigma 150-600 Contemporary na Tamron 150-600 zina karibu kilo 2, Nikon 200-500 inapita hapo. Ukifunga tripodi kwenye kamera, mzigo wote unaning'inia kwenye mdomo wa kufungia lenzi.
2. Ondoa filta. Zima kituliza-mtikisiko (VR kwa Nikon, IS kwa Canon, OSS kwa Sony, OS kwa Sigma, VC kwa Tamron).
3. ISO 100 au 200, na shata icheleweshwe sekunde 2 ili mkono wako usiiguse kamera.
4. Simama mbali. Kwa 300 mm, mita 15 zinafaa, maana yake mara 50 ya milimita za lenzi.
5. Weka fokasi kwa mkono ukitazama skrini iliyokuzwa mara 10.
6. Piga ukiwa umefungua tundu la mwanga la lenzi kabisa (namba ndogo ya f/), kisha ulibane hadi f/8. Rudia kwa zumu fupi, ya kati na ndefu.

Umbali huo una faida nyingine. Kwa 300 mm na f/5.6 kwenye sensa ndogo ya APS-C, sehemu inayoonekana kali kutoka mita 15 ina kina cha zaidi ya nusu mita. Basi matuta ya mawe, au wewe kusimama mshazari kidogo, hayaharibu kipimo. Wanaopima kwa gazeti lililobandikwa mita 3 mbele hawana nafuu hiyo, ndiyo maana wengi wao hupata "kasoro" ambayo kesho yake haionekani.

Onyo lisilohusu vioo: usielekeze lenzi ya milimita 400 kwenye mpaka, uwanja wa ndege, kambi au askari kwa kisingizio cha kupima. Kwa mtu aliye mbali, bomba hilo halionekani kuwa kifaa cha harusi. Ukuta wa nyumbani unatosha.

## Dalili ya 1: Zumu fupi ni kali, zumu ndefu imefifia picha nzima

Mtikisiko. Ndio unaoongoza, tena kwa mbali. Kanuni ya zamani inasema kasi ya shata isipungue sekunde 1 kugawanya kwa milimita za lenzi, ukizidisha kwa 1.5 kwenye APS-C ya Nikon na Sony, au 1.6 kwenye ya Canon. Kwa hiyo 300 mm kwenye Canon 700D inaomba 1/500, si 1/300. Na hiyo ni kwa kitu kilichotulia. Mchezaji anayekimbia Stade de l'Unité anahitaji 1/1000 au zaidi, mwewe anayeshuka juu ya ziwa 1/2000. Kituliza-mtikisiko kinatuliza mkono wako. Mguu wa mchezaji hakina habari nao.

Jaribu hivi: piga kitu kilekile kwa 1/200, kisha 1/2000 huku ukiongeza ISO. Ikiwa ya pili ni kali zaidi licha ya chembechembe, lenzi yako ni nzima. Ongeza ISO na uendelee na kazi.

Hewa. Hii ni sababu ambayo watu wa Goma tungepaswa kuijua kuliko wengine, na bado tunaisahau. Mji umekaa juu ya mawe meusi. Lava ya volkano ya Nyiragongo iliyopita katikati ya mji tarehe 17 Januari 2002, na ile iliyosimama Buhene, pembezoni mwa mji, baada ya tarehe 22 Mei 2021, hunyonya jua kuanzia asubuhi. Kufika saa nne, hewa juu yake inacheza, na lenzi ndefu inaukuza mchezo huo pamoja na picha. Mabati na lami hufanya vilevile. Dalili yake: kingo za vitu zinajikunja, picha kumi za mfululizo zinafifia kila moja kwa namna yake, na kitu kilicho karibu kinatoka kali ilhali cha mbali hakitoki.

Hakuna lenzi ya bei yoyote inayopita kati ya hewa hiyo. Sogea karibu, au piga saa kumi na mbili asubuhi, au subiri mawingu. Wanaopiga Nyiragongo kutoka mjini wanaingiza kati yao na kreta zaidi ya kilomita 15 za vumbi, moshi wa makaa na mvuke wa volkano yenyewe. Kisha wanalalamika kwamba 600 mm haioneshi mawe ya ukingoni. Piga alfajiri baada ya mvua ya usiku, halafu ndipo utoe hukumu. Miezi ya kiangazi, Juni hadi Agosti, hata alfajiri haitoshi siku nyingine.

Joto linaweza pia kuwa ndani ya vifaa vyako. Ukitoka kwenye gari lenye kiyoyozi na kupiga papo hapo, au ukipiga kupitia dirisha lililofunguliwa kidogo, hewa ya joto mbili tofauti inachanganyika mbele ya lenzi au ndani ya kofia yake ya jua. Iache lenzi nje ipate joto la mahali.

Filta. Kioo cha UV cha dola chache hakisumbui kwa 50 mm. Kwa 400 mm kinaweza kuharibu kila kitu: mistari inaonekana miwili, na fokasi inakosea. Iondoe, piga tena, linganisha. Dakika moja. Inashangaza jinsi watu wako tayari kupeleka lenzi kwa fundi kabla ya kufungua filta.

Lenzi ilivyoundwa. Canon EF 75-300 f/4-5.6 III ni laini kwa 300 mm ikiwa imefunguliwa kabisa, na haina kituliza-mtikisiko. Usihangaike kutafuta nyingine ya modeli hiyo iliyo bora. Ibane hadi f/8 na uitumie 75 hadi 200. Zumu nyingi za bei nafuu hulegea mwishoni namna hiyo. Usibane kupita kiasi pia: f/16 na f/22 huifanya picha kuwa laini tena, kwa sababu mwanga hutawanyika ukipita kwenye tundu dogo. Hiyo ni tabia ya mwanga, si ya lenzi yako.

Konveta, kipande kinachofungwa kati ya lenzi na kamera ili kukuza picha. Ya 1.4x inakula hatua moja ya mwanga, ya 2x hatua mbili, na zote zinakuza kila udhaifu wa lenzi. Pima bila konveta.

Ikiwa umepita yote haya na picha ya ukutani, kwenye tripodi, kwa f/8, bado imefifia katikati na pembeni kwa kiasi sawa, nenda dalili inayofuata. Huenda ni fokasi.

## Dalili ya 2: Kuna kitu kikali kwenye picha, lakini si ulichokilenga

Tafuta kitu hicho kwanza. Macho yamefifia, lakini pete ya sikio ni kali? Uso umefifia, lakini maua ya nyuma yanahesabika? Basi lenzi inaweza kutoa ukali vizuri. Umeuweka mahali pasipo pake.

Sababu ya kawaida ni kina kifupi. Kwa 300 mm, f/5.6, mtu akiwa mita 5 mbele ya kamera ya APS-C, sehemu kali ina kama sentimita 6. Bibi harusi akiinamisha kichwa baada ya wewe kufokasi, umeshamkosa. Tumia pointi moja ya fokasi, iweke kwenye jicho lililo karibu nawe, na usiache kamera ichague yenyewe: mara nyingi hukimbilia kitu kilicho karibu zaidi, nacho kanisani ni shada la maua.

Ya pili ni shabaha isiyo na tofauti ya mwanga. Fokasi inahitaji mstari, doa, ukingo. Manyoya meusi ya sokwe ndani ya msitu wa Virunga, suti nyeusi ukumbini usiku, ukungu juu ya ziwa: hapo lenzi yenye f/6.3 inatafuta huku na huko na kutulia popote. Lenga ukingo wa pua au mng'ao wa jicho. Angalia pia swichi ya kupunguza umbali wa fokasi iliyo pembeni mwa lenzi. Ikiwa imewekwa kwa vitu vya mbali pekee, vya karibu havitashikwa kamwe, na watu huifikiria lenzi imekufa.

Ya tatu ni kutoelewana kati ya kamera na lenzi, na hii ni ya DSLR. Kamera hizo, ukitazama kwenye kitundu cha kutazamia, hupima fokasi kwa sensa nyingine iliyo chini ya kioo kinachoruka. Njia hiyo na njia ya sensa ya picha zikitofautiana hata kidogo, fokasi hukaa mbele au nyuma kila mara. Kamera zisizo na kioo hupima kwenye sensa ya picha yenyewe, kwa hiyo tatizo hili haziwi nalo.

Jaribio: kwenye tripodi, piga picha kumi kwa fokasi ya kitunduni, na kila mara uvuruge fokasi kwanza, mara kuelekea karibu, mara kuelekea mbali. Kisha piga chache kwa fokasi ya skrini. Ukipata:

- zote za kitunduni zimekosea upande uleule, za skrini ni kali: rekebisha kwenye menyu ya kamera ya kusahihisha fokasi ya lenzi;
- za kitunduni zimetawanyika, nyingine mbele, nyingine nyuma: marekebisho ya menyu hayatasaidia, na huenda mota ya fokasi inachoka;
- hata za skrini si kali: si suala la marekebisho, rudi dalili ya 1 au nenda ya 3.

Menyu hiyo haipo kwenye kila kamera. Canon 7D Mark II, 70D, 80D na 5D Mark III wanayo. 60D na familia ya 600D hawana. Nikon D7000 na wadogo zake D7100 na D7200 wanayo, za D3000 na D5000 hazina. Kipimo chake huenda kutoka -20 hadi +20. Kwa zumu kuna mtego: thamani inayofaa 100 mm inaweza isifae 400 mm. Canon 5D Mark III inakuruhusu kuweka thamani mbili, ya zumu fupi na ya ndefu. Kamera ikikupa moja tu, pima kwenye milimita unazozitumia zaidi. Wenye Sigma za kisasa za DSLR wanaweza kutumia kifaa cha USB Dock cha kampuni hiyo, kinachorekebisha zumu kwenye pointi 16: umbali nne kwa milimita nne. Kifaa hicho kikizunguka mikononi mwa wapiga picha wa mji mmoja, kinatosha wote.

## Dalili ya 3: Upande mmoja ni mkali, wa pili umefifia

Hapa ndipo neno "mbovu" linapoanza kuwa na maana. Lenzi isiyo na kasoro inaweza kupungua ukali pembeni, lakini unapungua pande zote sawa. Kushoto pakiwa pakali na kulia pamefifia, kwa umbali uleule, kuna kitu kimekaa upande.

Jithibitishie kabla ya kumshtaki mtu. Piga ukuta kama nilivyoeleza. Kisha legeza kola ya lenzi, zungusha kamera na lenzi kwa pamoja nusu mduara hadi kamera iwe kichwa chini, na upige tena ukuta uleule. Sasa tazama mawe. Ikiwa yaliyofifia ni yaleyale, basi shida ni ukuta au namna ulivyosimama. Ikiwa sasa yamefifia mawe ya upande wa pili, kosa linatembea na vifaa vyako.

Hatua inayofuata ni kutofautisha kamera na lenzi. Funga lenzi nyingine kwenye kamera hiyohiyo. Nayo ikififia upande huohuo, mdomo wa kufungia lenzi umepinda, au sensa imekaa vibaya. Hilo hutokea zaidi kwa kamera zilizoangushwa zikiwa na lenzi nzito mbele. Lenzi ya pili ikiwa sawa, umeshampata mkosaji.

Pima pembe pia kabla ya kuzilaumu. Lenzi nyingine zina uso wa fokasi uliopinda: ukifokasi katikati, pembe zinafifia, ukifokasi kwenye pembe yenyewe, inakuwa kali. Hiyo si kasoro, na haitengenezwi.

Kwa nini zumu ndefu zinaugua hivi? Hesabu vioo. Canon 100-400 ya pili ya mwaka 2014 ina vioo 21 katika makundi 16. Nikon 200-500 ina 19 katika makundi 12, Sigma 150-600 Contemporary 20 katika makundi 14. Baadhi ya makundi hayo hutembea ukizungusha zumu, mengine ukifokasi, na kimoja kinachezacheza chenyewe kwa ajili ya kutuliza mtikisiko. Kitu kinachotembea lazima kiachiwe nafasi ndogo ya kutembea, na katika nafasi hiyo hukaa zile sehemu za mia za milimita ambazo kiwanda kinaweza kuzivumilia. Roger Cicala, mwanzilishi wa kampuni ya kukodisha lenzi ya Lensrentals huko Marekani, amepima lenzi nyingi za modeli mojamoja kwa mashine. Alichoonyesha ni kwamba zumu hutofautiana kuliko lenzi zisizo na zumu. Pia zumu ileile inaweza kuwa nzuri kwenye milimita fulani na kuinama kidogo kwenye nyingine. Kwa hiyo usitafute zumu iliyo sawa kila mahali. Tafuta iliyo sawa pale unapofanyia kazi.

Kwangu mimi mpaka ni huu: tofauti ya pande inayoonekana kwa f/5.6 na kupotea kwa f/8, iache. Inayobaki kwa f/8, kwenye milimita unazozitumia, irudishe au itengenezwe.

SIMAMA hapa. Kukaa kwa vioo hurekebishwa kwa vipande vyembamba vya chuma na skrubu maalumu huku mtu akitazama mashine ya kupimia. Fundi wa simu, hata awe hodari, hana mashine hiyo. Akifungua akafunga, lenzi iliyokuwa imefifia upande mmoja inaweza kurudi imefifia pande mbili.

## Dalili ya 4: Picha nzima nyeupe, rangi hazina nguvu

Anzia kwenye kioo cha mbele. Alama za vidole na mafuta ya mkono hufanya hivyo hasa ukipiga kuelekea mwanga. Halafu kofia ya jua: ivae kila mara, hata kukiwa na mawingu. Wengi huifunga kinyume na kuiacha hivyo kwa mwaka mzima.

Kuhusu kusafisha, Goma si mji wa kufuta kwanza. Vumbi letu jeusi ni mawe ya volkano yaliyosagwa na magari, na ndani yake mna chembe ngumu zenye ncha. Kitambaa kikizivuta juu ya kioo, kinakwaruza. Puliza kwa pampu ya mpira, kisha brashi laini, na mwisho kitambaa cha maikrofaiba chenye tone la maji ya kusafishia lenzi. Tone liwe kwenye kitambaa. Ukilimimina kwenye kioo linaingia pembeni. Usipulize kwa mdomo. Pampu ya gari kwa fundi wa matairi pia iache, inasukuma vumbi ndani.

Kioo cha mbele kikiwa safi na weupe ukabaki, angaza ndani kwa tochi ya simu kutoka nyuma ya lenzi huku ukitazama mbele kwa mshazari. Vumbi dogo ndani ni la kawaida na haliharibu picha; lenzi inayorefuka na kufupika huvuta hewa. Unachotafuta ni nyuzi za utando zinazotawanyika, yaani kuvu, au ukungu uliotandaa sawasawa. Kuvu hupenda giza, unyevu na mikoba ya ngozi, na nyumba za kando ya ziwa zina vyote. Lenzi ihifadhiwe kwenye sanduku lisilopitisha hewa, pamoja na silika jeli unayoikausha mara kwa mara.

SIMAMA ikiwa kuvu iko kwenye vioo vya ndani. Itenge na lenzi nyingine na umpe mtaalamu mapema. Ikikaa sana, hula rangi ya kinga iliyopakwa juu ya kioo, na hapo kusafisha hakurudishi kitu.

## Dalili ya 5: Moja kali, moja imefifia, bila mpangilio

Ikiwa umeshaondoa mtikisiko na hewa, shuku kituliza-mtikisiko. Kipe nusu sekunde hadi sekunde moja baada ya kubonyeza nusu kitufe, kwa kuwa ukipiga papo hapo unakikuta kikiamka. Kwenye tripodi kizime. Ukipiga mfululizo wa kumi kikiwa kimewashwa na kumi kikiwa kimezimwa, kwa 1/1000, na zilizozimwa zikawa kali zaidi, huenda kimechoka. Picha ikirukaruka kitunduni au kukisikika mngurumo mpya, ndio hicho. Lenzi bado inatumika. Kizime na uongeze kasi ya shata.

Kisha pini za dhahabu kati ya lenzi na kamera. Kamera ya Canon ikionyesha Err 01, mawasiliano hayo yamekatika. Zima kamera, zifute kwa kitambaa kikavu, funga tena. Usitumie msasa wala kisu.

Mwisho, skrubu zilizolegea. Barabara zetu za mawe na begi linaloning'inia kwenye pikipiki haziwahurumii vifaa. Shika bomba la mbele kwa upole, lisukume kushoto na kulia. Mchezo mdogo upo kwenye zumu nyingi zinazorefuka; unaosikika kugonga si wa kawaida. Tahadhari: lenzi nyingi zenye kituliza-mtikisiko hutoa mlio wa kitu kinachotembea ndani kamera ikiwa imezimwa. Huo ni mzima, usiupeleke kwa fundi.

## Unaponunua iliyotumika

Mwombe muuzaji nusu saa na ukuta. Akikataa, umepata jibu. Njoo na kamera yako mwenyewe, kwa sababu lenzi inayoelewana na kamera yake huenda isielewane na yako. Piga zumu tatu, f/ iliyofunguliwa na f/8, kamera ikiwa kawaida, kisha kichwa chini. Zungusha pete zote mwanzo hadi mwisho ukisikiliza mchanga. Angaza tochi. Tazama vichwa vya skrubu kwenye mdomo wa nyuma: vikiwa vimechubuka, lenzi imeshafunguliwa, na hapo bei ishuke sana au uondoke.

## Wakati wa kuacha kabisa

Acha kuitumia na uipeleke kwa kituo kinachotambuliwa na kampuni ikiwa: imeingia maji, kuna kioo kinachosikika kimelegea baada ya kuanguka, pete ya zumu inakwama mahali pamoja (ukilazimisha, unakata utepe wa umeme wa ndani), au tofauti ya pande imethibitika kwa jaribio la kichwa chini. Iliyoingia maji usiiwashe ili kuona kama bado inafanya kazi, na usiianike juani.

Usifungue kamera yenye flashi ya ndani. Kapasita yake hubeba karibu volti 300 na hubaki na umeme hata betri ikiwa imetolewa.

Kwa sisi wa Goma, kituo hicho kwa kawaida kiko nje ya nchi, kwa hiyo piga hesabu kwanza: gharama ya kutuma, kurudisha na kazi ikikaribia bei ya 70-300 nyingine iliyotumika, tengeneza zile za bei kubwa tu. Ukituma, weka ndani ya kifurushi picha zako za ukuta kwenye kadi au flashi diski, moja ya kawaida na moja ya kichwa chini, na uandike milimita, f/ na upande uliofifia. Fundi anayepokea "haitoi picha kali" hana pa kuanzia. Anayepokea "300 mm, f/8, kulia" anajua kundi gani la vioo la kuangalia.